Upande wa Ukutani

Daftari lile ningali nalo. Ni la mistari, kurasa tisini na sita, jalada lake la samawati limeliwa na mende pembeni, na mle ndani hamna jina la mtu hata moja. Kuna nanga, kuna ufunguo, kuna mwezi mchanga, samaki, taa ya chemli, kiatu. Kila aliyeingia mara ya kwanza alichora alama yake kwa mkono wake mwenyewe, na kila kikao alichokuja baadaye nilimwekea vyema mbele ya mchoro wake. Ukurasa wa kwanza una michoro kumi na minne. Ufunguo ni ndugu yangu.

Ilikuwa mwaka 1999, Mombasa, Mji wa Kale, wiki chache baada ya Idi iliyoangukia Januari. Nilikuwa na miaka 26, karani wa kupiga taipu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na nyumbani tulikuwa tumeshazoea mambo ambayo mtu hapaswi kuyazoea. Mama alilala na mkufu wake ndani ya foronya. Redio ilikuwa imekwenda, pasi imekwenda, na sinia la shaba la nyanya, alilokuja nalo kutoka Lamu alipoolewa, nalo lilikwenda. Mdogo wangu alikuwa na miaka 22. Alianza na brown sugar, ule unga wa heroini, akiivuta ndani ya sigara pamoja na bangi, na kwa kuwa hanuki pombe sisi tulidhani ana homa isiyopona. Miaka miwili tukimnunulia dawa za malaria.

Tulipojua, tulifanya yaliyofanywa na kila nyumba iliyokuwa na msiba ule. Wenye jamaa Uarabuni waliwapeleka vijana wao huko. Wasio nao walifunga mlango. Sisi tulimfungia chumba cha juu siku nane. Kabla ya siku ya kwanza kuchwa kamasi zilianza kumtoka, na miayo mfululizo, kisha vinyweleo vikasimama mwili mzima ilhali nje jua linachoma. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote: tumbo linamwendesha, mifupa inamuuma hadi anaigonga miguu ukutani, na mama ameketi kitako nje ya mlango anasoma Yasin, akifika mwisho anaanza tena. Hiyo ndiyo arosto. Siku ya nane alikula, akacheka, tukatoa sadaka. Siku ya kumi na moja alitumwa mkate, akarudi baada ya Isha, mboni za macho zimekuwa nukta. Na mkate hakuwa nao.

Sisi tulidhani mwili ukishatoka sumu kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza, na hapakuwa na mtu wa kutuambia ianze wapi.

Aliyetuambia ni mzee mmoja aliyefanya kazi melini zaidi ya miaka ishirini. Sitamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe alilikataza jina lisiandikwe, na alama yake ilikuwa nanga. Unga aliupatia bandarini ugenini, na aliuachia Rotterdam. Alirudi nyumbani na begi moja na ndevu za mvi, akawa anakaa barazani kunywa kahawa na kueleza mambo ambayo watu waliyaona ni chuku za baharia. Alisema kule Amsterdam, tangu mwisho wa miaka ya sabini, kuna basi linalozunguka mjini kuwagawia mateja dawa ya kunywa, bure, mchana kweupe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alieleza pia kuhusu walevi wawili wa Kimarekani, Bill Wilson, muuza hisa, na daktari wa upasuaji Bob Smith, waliokutana mji wa Akron mwaka 1935 na kugundua kwamba saa walizokaa kuzungumza, mlevi kwa mlevi, ndizo saa ambazo kiu iliwaachia. Kutokana na hilo, mwaka 1953 kule California, kikazaliwa chama cha waraibu wa kila namna. Nanga aliyapitia yote hayo kwa Kiholanzi cha bandarini, na alichotaka ni kuyaleta Mombasa kwa Kiswahili.

Mjane mmoja karibu na Bandari ya Kale alimpa chumba cha chini. Zamani kilikuwa ghala la papa, na hata ukifagia mara tatu ukapiga na deki, harufu ile haikutoka. Kodi hakutaka. Vikao vilikuwa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baina ya Alasiri na Maghribi. Saa hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ndizo saa ambazo mwili wa teja huanza kuidai kete ya jioni.

Alihitaji mtu wa nje, mwenye mwandiko, wa kushika daftari na kupika kahawa. Nikajitolea kwa ajili ya mdogo wangu. Kwa kuwa nilikuwa mwanamwali na mle ndani ni wanaume watupu, mimi na mwenye nyumba tulikaa ukumbini, pazia la kanga kuukuu likiwa baina yetu na wao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya niliyoyashuhudia niliyasikia tu. Viatu mlangoni, kikohozi, dele likigonga vikombe, kisha sauti ya Nanga: "Leo siku ya ngapi?" Kila mmoja akataja hesabu yake. Tatu. Kumi na tisa. Leo ndiyo ya kwanza.

Masharti yalikuwa machache. Sema yako. Usimjibu mwenzio. Yasemwayo humu hubaki humu. Ukija umevuta hufukuzwi, utakaa usikilize, ila kusema husemi. Wala hakuna aliyelazwa mle. Wote walitoka makwao na wote walirudi makwao, kwenye vitanda vilevile na vichochoro vilevile. Hapo ndipo lilipokuwa jambo zima, na ilitugharimu mtu kulielewa.

Wiki ya pili mdogo wangu alisema kwa mara ya kwanza. Nilimjua kwa pumzi kabla hajatamka. Alinyamaza kwa muda mrefu, kahawa ya mtu ikapoa, kisha akasema: "Sinia la nyanya nililiuza Mwembe Tayari. Nilimwambia mama kwamba kijakazi ndiye aliyeiba. Kijakazi akafukuzwa." Nilikuwa na kalamu mkononi. Yule msichana nilikuwa nimemfukuza mimi, kwa maneno yasiyotamkika, mbele ya majirani. Nilitaka kulivuta lile pazia. Lakini sharti lilikuwa hakuna kujibu, na upande wa pili hakujibu mtu, nilisikia tu mwingine akivuta pumzi na kusema, "Mimi leo ni siku ya sita." Tulirudi nyumbani tumeongozana, kimya. Usiku ule nilimweleza mama. Jumapili mimi na yeye tulivuka feri tukaenda Likoni kumtafuta yule msichana kwa wazazi wake.

Si kila mtu aliridhia vikao vile. Wazee wawili watatu walikuja juu, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Sisi tumelelewa kwamba dhambi ambayo Mungu amekusitiria huitoi hadharani. Mtu anayejianika mbele za watu amelivua vazi alilovishwa. Sasa vipi vijana wakae duara kutaja waliyoyafanya? Nanga hakubishana nao. Alikwenda kwa shekhe wa msikiti wa mtaani, akamweleza kila kitu, na shekhe akaomba wiki moja ya kufikiri. Jibu lake lilikuja kwa mdomo, baada ya Isha: mgonjwa hakatazwi kumwonyesha tabibu kidonda, lakini asikigeuze kidonda kuwa pambo. Tangu hapo likaongezwa sharti la tano, kwamba hakuna kusimulia utamu. Wapi ulivuta, ulivutaje, ilikupandaje, hayo hayasemwi. Nanga alisema hata Rotterdam waliyakataza, kwa sababu mate huwajaa wasikilizaji. Shekhe na mabaharia wa Uholanzi walikutana pale pasi na kujuana, nami nililiandika lile sharti nyuma ya jalada, mpaka leo linasomeka.

Nije kwa Samaki.

Alikuwa mvuvi, na ndivyo alivyojichora, kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Kati ya wote ndiye aliyekuwa akija mapema zaidi. Miaka ile ndipo unga mweupe ulipoanza kuisukuma brown sugar mjini. Ule wa kahawia watu waliuvuta. Mweupe huyeyuka kwa maji matupu, na ndio uliowafundisha wengi sindano. Samaki alikuwa amejidunga kwa miezi kadhaa kabla ya kuja kwetu. Jumatano moja alitaja siku ya arubaini na moja, na kwa furaha watu walisahau sharti wakampigia makofi. Akavaa viatu, akanipa kikombe chake kupitia pembeni mwa pazia, akasema, "Dada, kahawa ya leo imekolea." Akatoka na adhana ya Maghribi, peke yake. Asubuhi walimkuta nyuma ya jengo moja, ameegemea ukuta kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Hakuwa ameongeza kitu. Kipimo chake kilikuwa kilekile cha zamani. Nanga ndiye aliyetufahamisha, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo: "Mwili uliokaa siku arubaini na moja bila unga ni mwili mgeni. Yeye ameupa chakula cha mwenyeji." Mtu anayevuta kila siku mwili wake huzoea, na kipimo kikapanda na kupanda. Akiacha, yale mazoea hufutika haraka kuliko tamaa. Ndiyo sababu anayeanguka baada ya kuacha yumo hatarini kuliko aliyekuwa hajaacha kabisa. Pumzi hupungua, hupungua, mwisho haiji. Leo ipo dawa ya sindano inayoweza kuirudisha pumzi hiyo ikiwahiwa, naloksoni. Sisi hata jina lake hatukulijua.

Tulimzika Kikowani. Msikitini palikuwa na minong'ono, na safu ya nyuma ilikuwa na watu wachache kuliko inavyostahiki maiti wa mtaa. Ndugu yangu na Nanga waliingia kaburini kumpokea. Jioni nilikwenda kwa mama yake kutoa mkono wa pole. Alinishika viganja viwili, akaniuliza bila hasira, kama anayetaka kujua tu: "Si alikuwa akija kwenu, mwanangu?"

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyetaja siku yake. Nanga aliomba daftari, akaligeuza ukurasa wa mwisho, akachora ramani: ghala letu, Ndia Kuu, Kibokoni, vichochoro, nyumba ya kila mmoja. Kisha akawaambia waweke alama ya msalaba kila penye maskani. Kalamu ilizunguka duara mara mbili. Iliporudi, hapakuwa na nyumba hata moja iliyofikika bila kuupita msalaba. Kwa mdogo wangu palikuwa na mitatu.

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kumsindikiza mgeni. Humwachi mlangoni, unavaa makubazi ukatoka naye, mpaka kona, wakati mwingine mpaka stendi, mazungumzo yakinoga mnarudi tena mpaka nyumbani kwako. Nanga aliichukua desturi ile akaifanya tiba. Kuanzia siku ile hakutoka mtu peke yake. Ilikuwa na hesabu yake, na hesabu ilitusumbua: ukiwatoa wawili, mmoja akimfikisha mwenziwe, yeye anarudi na nani? Kwa hiyo walitoka watatu watatu, ili wawili warudi pamoja, na wa mwisho wakawa wale waliopakana ukuta kwa ukuta. Nanga mwenyewe alihamia ghalani, akalala mle na harufu ya papa, ili asiwe mzigo katika ile hesabu.

Na palikuwa na namna ya kutembea. Vichochoro vyetu ni vyembamba, watu wawili sambamba wamevijaza. Maskani huwa upande mmoja, kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, au gofu. Muuzaji haiti kwa sauti. Hukohoa, hugonga kidole, au hukugusa mkono unapopita, maana anakujua. Basi mwenye siku chache alitembezwa upande wa pili, upande wa ukutani, bega lake likisugua chokaa, na mwenye siku nyingi akakaa katikati yake na ile baraza. Hawakukimbia wala hawakuwatukana waliokaa pale, ambao wengine walikuwa ndugu zao. Waliwaamkia, wakapita. Mashati ya vijana wale yalikuwa meupe begani kwa chokaa, na mama zao mwanzoni waligomba kwa sababu ya kufua.

Naamini hicho ndicho kilichowatibu waliopona. Mazungumzo ya duarani yalikuwa na kazi yake, siyapunguzi, lakini yalikuwa saa mbili kati ya saa ishirini na nne, siku tatu kati ya saba. Nimeshasoma na kusikia mengi tangu hapo kuhusu tiba ya waraibu wanaokuja na kurudi majumbani. Ninachokitafuta kila mara ni nani aliyeifikiria njia ya kurudi.

Mwezi mchanga ni mwanamke. Alikuja Mei, amejifunika buibui, uso tu ndio uliokuwa nje, na mtoto wa kike wa miaka kama minne mkononi. Wanaume mle ndani walinong'ona, na Nanga akasema anayetaka kupona hana mlango wa kike wala wa kiume. Hata hivyo aliketi upande wetu wa pazia. Akasikiliza vikao tisa. Mtoto alichezea vifuniko vya chupa miguuni pangu. Hakuulizwa siku yake ya ngapi, kwa kuwa swali lilizunguka duarani na duara liliishia kwenye pazia. Mimi nilikuwa na daftari, ningeweza kumuuliza. Nilimwekea vyema tu, nikamtilia kahawa.

Na Maghribi ikiingia, watatu watatu wakatoka, yeye alitoka peke yake na mwanawe. Wanaume wawili kumsindikiza mwanamke magharibi hapa mtaani kungemletea maneno kuliko unga wenyewe. Aliyefaa kumsindikiza ni mimi. Nilikuwa na mama wa kumpikia, na nguo za kazini za kupiga pasi. Njia za wale wote nilizijua, zimechorwa katika daftari langu. Ya kwake sikuijua hata inapopinda mara ya kwanza. Kikao cha kumi hakuja, na cha kumi na moja, na nilipokwenda kuuliza sikuwa na jina la kuulizia.

Baada ya hapo mimi na yule mjane tulianza kukaa na wanawake siku za Alhamisi, juu, chumbani kwake, na niliwafikisha mlangoni mmoja mmoja. Hawakuzidi watano. Kila aliyepanda ngazi nilimtazama uso.

Ndugu yangu alianguka mara mbili. Ukiangalia mstari wake utaona siku 63, kisha sifuri. Siku 17, kisha sifuri. Alirudi, akapewa kikombe chake, akatembezwa upande wa ukutani tena kama mgeni. Hesabu ya tatu ndiyo iliyoshika. Mama hakusema kitu miezi yote ile. Ufunguo wa mlango wa mbele alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso yake tangu zamani, na kijana alifunguliwa kwa kugonga, kama mtu wa nje. Siku moja mwaka 2000, asubuhi, akimwekea chai, alilifungua lile fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza, akaulaza ufunguo karibu na kisahani. Ndugu yangu aliutazama, akanywa chai yote, ndipo akauchukua.

Ghala lile liliuzwa mjane alipofariki. Nanga naye hakuishi kuliona lile basi lake likiaminiwa. Dar es Salaam walianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na mwaka 2015 kliniki ikafunguliwa Malindi, karibu nasi. Nilikwenda kwenye kliniki moja kama hizo na jirani yangu aliyekuwa akimpeleka mwanawe. Nilisimama pembeni. Kila mmoja anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anaambiwa aseme neno ili ijulikane amemeza. Dawa ile humshika mtu zaidi ya saa ishirini na nne bila arosto. Nilimfikiria Samaki na siku zake arubaini na moja alizozibeba kwa kahawa tu, nikalazimika kutoka nje. Nje, hatua mia moja kutoka getini, palikuwa na vijana wamekaa chini ya mwarobaini, na niliwajua ni nani kwa namna mmoja wao alivyokohoa.

Katika ile michoro kumi na minne, wanne naweza kuwaamkia leo. Wengine unga uliwachukua, wengine ugonjwa wa sindano kabla dawa zake hazijafika kwa watu kama sisi. Mmoja yuko Maskati na wajukuu.

Ndugu yangu ana mvi. Anatengeneza injini za boti, na jioni hupotea. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa barazani baada ya Alasiri nikichambua mchele, nikamwona anakuja na kijana ambaye hajamaliza hata miaka ishirini, mwembamba, shati linampwaya. Nikamwita aje anywe chai.

"Ngoja, dada," akasema. "Nimfikishe huyu kwanza."

Wakapita. Mbele kidogo, kabla hawajaifikia ile kona, alimshika kijana kiwiko, akamvusha kwa upole hadi upande wa pili.